Uwiano wa kompresheni: namba inayochaguliwa kabla ya pistoni

Mpwa wangu alinijia Ijumaa moja baada ya sala, simu mkononi. Gari lake ni Chevrolet ya zamani yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, na wakati huo injini ilikuwa imefumuliwa yote, imetandazwa juu ya turubai uani kwao hapa Malindi. "Shikamoo mjomba. Pistoni nimezipata. Zimeandikwa kumi kwa moja. Niagize?"

Nikamuuliza: kumi kwa moja ndani ya injini gani? Akanionyesha tena picha ya boksi, kana kwamba sikuiona vizuri. Simlaumu. Wauzaji huandika namba hiyo kama vile imo ndani ya pistoni, jinsi saizi ilivyo ndani ya kiatu. Haimo. Pistoni, kile kizibo cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, peke yake haina uwiano wowote. Uwiano wa kompresheni huzaliwa pale block (bonge la chuma lenye silinda), krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), pistoni, gasketi (bamba jembamba la kuziba kati ya block na hedi) na hedi (kifuniko cha juu cha silinda) zinapokutana, na kila kimojawapo kina uwezo wa kuibadilisha namba hiyo.

Maana yenyewe ni nyepesi. Vitabu vya shule huuita uwiano wa mgandamizo. Gereji tunasema kompresheni. Chukua silinda moja. Pistoni ikiwa chini kabisa, juu yake pana nafasi kubwa. Ikipanda hadi mwisho wa safari yake, inabaki nafasi ndogo tu. Gawanya nafasi kubwa kwa ile ndogo, jibu ndilo uwiano. Wazee wetu walipima nafaka kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Basi injini ya nane kwa moja huchukua hewa na petroli ya pishi mbili na kuibana ndani ya kibaba kimoja. Ya kumi kwa moja hubana pishi mbili na nusu ndani ya kibaba kilekile.

Kwa nini tubane? Shika pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma mara kadhaa kwa nguvu: upande wa chini unapata moto. Hewa ikibanwa hupanda joto na shinikizo. Mchanganyiko uliobanwa vizuri, ukiwashwa na plagi, huisukuma pistoni kwa nguvu zaidi, na kwa kuwa unatanuka kutoka nafasi ndogo mno hadi nafasi kubwa, sehemu kubwa zaidi ya joto lake hugeuka kuwa kazi badala ya kutokea kwenye ekzosi. Petroli ileile, nguvu zaidi. Ndiyo sababu kila mtu huipenda namba kubwa.

Lakini petroli ina mpaka wa uvumilivu. Ukiibana kupita hapo, plagi ikishawasha, sehemu ya mchanganyiko iliyobaki pembeni haingoji moto uifikie, inalipuka yenyewe. Unasikia mlio mkali wa tiki-tiki-tiki gari linapopanda kilima au linapokanyagwa kutoka mwendo wa chini. Hapa pana neno linalotuchanganya. Fundi akisema injini "imenoki", mara nyingi ana maana kwamba bering za krenki, yaani vikalio ambamo krenki huzunguka, zimeliwa na inagonga kwa mlio mzito wa chini. Mlio ninaouzungumzia ni mwembamba, kama changarawe ndani ya kopo, na hutokea hata injini ikiwa mpya kabisa. Ukiachwa uendelee, hutoboa pistoni, huvunja ringi (pete zinazoziba pembeni mwa pistoni), na mwisho huziua bering hizohizo. Kwa hiyo noki ya mlio mwembamba huzaa ile ya bering, ila dawa zake ni mbali na mbali.

Magari ya misuli kama hilo la mpwa wangu, yaani magari ya Kimarekani ya ukubwa wa kati yaliyotiwa injini kubwa za V8, yanajulikana zaidi kuanzia Pontiac GTO ya 1964. Yalijengwa wakati petroli ya okteni ya juu (okteni ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka yenyewe) yenye madini ya risasi ilipatikana kila kituo. Tazama injini moja tu, LT-1 ya Chevrolet ya inchi 350 iliyowekwa kwenye Corvette. Mwaka 1970 ilikuwa na uwiano wa kumi na moja kwa moja, na ikatangazwa kuwa na nguvu za farasi 370. Mwaka 1971 ilishushwa hadi tisa, ikatangazwa na 330. General Motors ilizishusha injini zake mwaka huo ili zivumilie petroli yenye risasi kidogo au isiyo nayo. Huku kwetu, baada ya azimio la Dakar la 2001, nchi za Kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hiyo anayesema "naijenga kama ilivyotoka kiwandani 1970" anajenga injini ya petroli ambayo haiko tena kwenye pampu.

Risasi ilikuwa na kazi nyingine pia: ilikinga viti vya valvu za ekzosi, yaani sehemu ambazo valvu za kutolea moshi hukalia zikifunga, visiliwe. Hedi za zamani za chuma ambazo hazijawahi kuguswa zitiwe viti vigumu wakati ziko mashineni. Hilo halina mjadala, tuendelee.

Sasa hesabu, kwa injini ya mpwa wangu. Silinda zilikuwa zimebuuliwa, yaani zimechongwa ndani zikapanuliwa, kwa inchi 0.030, kwa hiyo kipenyo ni milimita 102.4 hivi, na mwendo wa pistoni ni milimita 88.4. Silinda moja inafagia cc 727 (cc ni sentimita ya ujazo). Hiyo ndiyo nafasi ambayo pistoni husafiri. Nafasi inayobaki juu ndiyo kibaba chetu, na hujengwa na vitu vinne: chemba ya hedi (shimo lililo upande wa chini wa hedi, juu ya pistoni), vijishimo vya kupisha valvu juu ya pistoni (cc 6), unene wa gasketi ya milimita moja (cc 8.5), na pengo la pistoni isiyofika ukingo wa block, kwake milimita 0.6, yaani kama cc 5.

Hedi za injini hii zilitoka kiwandani kwa namna kadhaa, na chemba zinazokutwa sana ni za cc 64 na cc 76. Kwa chemba ya 64, kibaba kinakuwa cc 83.5. Jumlisha na 727, gawanya kwa 83.5, unapata 9.7. Kwa chemba ya 76, kibaba ni cc 95.5, na jibu linashuka hadi 8.6. Pistoni zilezile, boksi lilelile, tofauti ya zaidi ya namba nzima! Boksi liliposema kumi, mtengenezaji alikuwa amechukulia chemba ya 64 na pistoni inayokaribia kabisa ukingo wa block. Hakudanganya. Alikuwa anazungumzia injini nyingine.

Hapa ndipo watu wengi huchukua njia ya mkato: namba ikiwa kubwa mno, hutafuta gasketi nene. Naomba msomaji asimame hapa nami, kwa sababu jambo hili limeharibu injini nyingi nzuri. Chemba ya hedi hii haichukui upana wote wa silinda. Upande mmoja hedi ni bapa, na pistoni ikifika juu huukaribia ubapa huo hadi inabaki nafasi nyembamba mno. Mchanganyiko uliokuwa pale hufinywa ukarushwa kwa kasi kuelekea kwenye plagi. Mrusho huo unavuruga hewa vizuri, moto unasafiri haraka, na pembeni hakubaki mchanganyiko wa kukaa ukingoja kulipuka. Ubapa huo, ukiwa karibu na pistoni kwa kama milimita moja, ndio kinga ya bei rahisi kuliko zote dhidi ya noki.

Fikiria injini mbili zenye hedi ya cc 64. Ya kwanza, block imepigwa plena, yaani imechongwa uso wake wa juu, hadi pistoni inafika ukingoni, gasketi ni ya milimita moja, na pistoni zina bakuli la cc 18 juu, lililochimbwa upande wa chemba tu, ubapa ukaachwa. Uwiano wake ni kama 9.0. Ya pili imebaki na pistoni bapa na pengo la milimita 0.6, ikatiwa gasketi ya milimita 1.8. Uwiano wake nao ni kama 9.0. Kwenye karatasi ni ndugu mapacha. Barabarani, ya kwanza ina milimita moja kati ya pistoni na ubapa, ya pili ina 2.4, na ya pili ndiyo itakayotangulia kugonga. Kama namba ni kubwa, punguza kwa bakuli la pistoni au kwa hedi yenye chemba kubwa. Gasketi iache iwe nyembamba.

Halafu kuna suala la mahali, na kwetu wa pwani hili ni zito. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la kama asilimia 82 ya lile la hapa ufukweni. Huko pishi hupimwa bila kujaa. Injini ya kumi kwa moja iliyojengwa na kujaribiwa Nairobi inaweza kuimba vizuri kila siku, kisha mwenyewe akateremka nayo hadi Mombasa, akaja kwetu, ikaanza kugonga kila akikanyaga. Atalaumu petroli ya kituo cha mwisho. Ukweli ni kwamba hapa silinda inajaa, na kilichobanwa ni kingi zaidi. Ongeza joto la kaskazi kati ya Desemba na Machi, hewa inaingia kabureta ikiwa tayari ya moto. Ushauri wa fundi wa bara upokee kwa heshima, ila uutoe nusu namba.

Ushauri wa Marekani nao una tofauti yake. Okteni inayoandikwa kwenye pampu zao ni wastani wa vipimo viwili vya okteni viitwavyo RON na MON, ilhali sisi hutaja RON. Petroli yao ya 91 ni sawa na kama 95 au 96 kwa kipimo chetu. Anayesoma kwamba injini fulani inatosheka na 91, akafurahi kwamba super ya hapa imezidi, amejidanganya.

Kwa hedi za chuma, petroli ya kawaida, na mji ulio usawa wa bahari, mimi husimama kati ya 9.0 na 9.3. Hedi za alumini huondoa joto upesi, kwa hizo naweza kuthubutu zaidi kidogo.

Kamshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu, lazima iingie katika hesabu hii. Valvu ya kuingizia haifungi pistoni ikiwa chini kabisa; hufunga baadaye, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda, na mpaka ifunge hakuna kinachobanwa. Kamshafti kali huichelewesha zaidi, kwa hiyo katika mwendo mdogo sehemu ya pishi inarudi ilikotoka. Ukiweka kamshafti ya mashindano kwenye injini ya 8.6, utapata gari linalonguruma kwa fahari na kuzimika nyuma ya tuktuk sokoni. Kwa gari la kutembelea mjini na safari za Watamu, chagua kamshafti ya wastani, na uichague siku moja na pistoni.

Neno moja kuhusu kupima. Fundi akichomeka geji kwenye tundu la plagi na kusema "kompresheni iko chini", anapima shinikizo, ambalo hupungua ringi zikilika au valvu zikivuja. Uwiano hauliki kwa uzee namna hiyo. Hubadilika vyuma vinapochongwa, na hedi iliyowahi kuskimiwa (kuchongwa uso wake) haina tena chemba ya ukubwa ulioandikwa vitabuni.

Ndiyo maana hatukuagiza kitu Ijumaa ile. Tulinunua bomba kubwa la sindano duka la dawa, tukakata kipande cha plastiki angavu na kukitoboa tundu dogo. Hedi tukaigeuza chemba zikitazama juu, valvu na plagi zikiwa mahali pake, tukapaka grisi ukingoni, tukabandika plastiki, tukajaza chemba kwa mafuta ya taa huku tukihesabu cc. Vitabu vilisema 76. Chemba zote nane zilitoa kati ya 71 na 73. Mtu alikwishazichonga zamani.

Kwa chemba ya 72, pistoni zake za "kumi" zingempa 8.95. Block ikipigwa plena milimita 0.4, pengo linabaki 0.2, ubapa unakuwa milimita 1.2 kutoka kwenye pistoni, na uwiano unafika 9.25. Mpwa wangu akaiandika namba hiyo kwa chaki ukutani, juu ya turubai, kisha akaagiza pistoni zilezile alizonionyesha. Block ilirudi kutoka mashineni Mombasa wiki iliyofuata, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kuishusha vizuri, ni kuipaka oili kila mahali palipochongwa, maana kwa chumvi ya hewa yetu kutu haichukui siku mbili.