Hemu ya pinki si mbichi

Wengi huamini kuwa hemu, yaani paja la nguruwe lililokolezwa chumvi, ikiwa ya pinki ndani haijaiva. Rangi hiyo hutokana na naitraiti ya kuhifadhia nyama, na joto haliiondoi. Anayeisubiri igeuke kahawia huishia kutafuna ubao. Iliyopikwa na kufungwa kiwandani hupashwa tu: oveni nyuzi 165 za Selsiasi, kikombe cha maji chini, foili juu, hadi kipimajoto kisome 60 katikati, mbali na mfupa. Iliyofunguliwa ikafungwa upya dukani ifike 74. Paja bichi halisi hutaka 63, kisha lipumzike dakika 3. Asali ipakwe dakika 20 za mwisho. Mapema zaidi, sukari yake huungua.