Konokono wala nyama wa misitu yetu

Ukitaja konokono, wengi huwaza yule mkubwa anayemaliza mchicha usiku. Mimi nachunguza wengine, familia ya Streptaxidae, ambao mchicha hawaugusi. Hawa huwinda minyoo na konokono wenzao.

Walioniteka zaidi ni jenasi ya Gulella. Wengi wana milimita chache tu, wadogo kuliko punje ya mchele. Gamba ni jeupe, likiwa bichi hupenyeza mwanga, na ndani yake unaona mwili wa manjano au wa rangi ya chungwa. Mlangoni mwa gamba mna vinundu tunavyoviita meno, ingawa havitafuni kitu. Idadi yake na jinsi vilivyopangika ndiyo hutuonyesha hii ni spishi gani. Meno ya kulia nyama yako kwenye ulimi, yamechongoka kama ncha za kisu.

Kuwapata ni kazi ya magoti. Kule Amani, Usambara Mashariki, nachota majani yaliyooza pamoja na udongo wa juu, nachekecha, kisha napekua chembe moja moja kwa lenzi. Kikitokea kitu cheupe kinachong'aa, moyo hunidunda hata leo.

Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, hunyweshwa na pepo za Bahari ya Hindi. Misitu yake ilidumu hata nyika iliyoizunguka ilipokauka, na konokono wa milimita nne havuki nyika. Kila mlima ukawa kama kisiwa: Uluguru kuna spishi usizozipata Usambara, na Usambara vivyo hivyo.

Pwani kwenye mawe ya chokaa nako kuna neema, kwa sababu gamba hujengwa kwa kalsiamu. Ndiyo maana nazithamini sana kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu. Miti ikikatwa, jua hufika chini, majani hukauka, na mnyama huyu hana pa kukimbilia.

Yupo mmoja aliyesafirishwa mbali, Gonaxis kibweziensis, mwenye jina la Kibwezi, Kenya. Miaka ya 1950 alipelekwa Hawaii ili amle konokono mkubwa wa Afrika aliyekuwa akiharibu mimea. Konokono mkubwa bado yuko Hawaii. Sikubaliani kabisa na uhamishaji wa namna hiyo, maana mla nyama hachagui konokono wa kigeni akamwacha wa kienyeji.

Ukiwa msituni ukageuza gogo ili uwatazame, lirudishe taratibu lilivyokuwa. Unyevu ulio chini yake ndio makazi yao.