Bandama isiyovimba si lazima iwe nzima

Hapa Tanga bandama tunaijua kwa kuvimba. Mtoto akiugua malaria mara kwa mara, bibi humpapasa ubavu wa kushoto na kusema, "Huyu ana bandama." Ukimwambia bibi huyo kwamba bandama inaweza pia kusinyaa, tena kwa mtu anayedhuriwa na ngano, atadhani unamtania.

Lakini ndivyo ugonjwa wa siliaki unavyofanya. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba. Wengi huamini madhara yanaishia tumboni. Kumbe takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu wenye siliaki ana bandama isiyofanya kazi sawasawa, hasa aliyekula ngano miaka mingi kabla ya kugundulika. Na wanaosema siliaki ni maradhi ya Wazungu wajue kuwa watoto wa Sahara Magharibi wamekutwa nayo zaidi ya 5 kati ya 100.

Mimi ni msomaji wa slaidi za damu. Kila siku natafuta vimelea vya malaria, lakini kuna kidoa kingine nisichokiruka: kiduara cha zambarau iliyokolea, peke yake ndani ya chembe nyekundu. Kinaitwa Howell-Jolly, ni baki la kiini. Bandama nzima hukinyofoa chembe inapopita. Nikikiona, najua bandama, chujio la damu, imelala.

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni hii: "Malaria haikuonekana, basi ni uchovu, meza dawa ya maumivu ulale." Kwa mwenye bandama dhaifu, bakteria wa nimonia wakiingia kwenye damu wanaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Homa yake ni ya kukimbilia hospitali saa ileile, na aitaje bandama yake mlangoni. Malaria nayo humwelemea haraka. Chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo zinamhusu hata akiwa na miaka 60.

Kuacha chapati na maandazi peke yake hakutoshi. Vitumbua ni vya mchele, ila wapo wanaochanganya unga wa ngano kidogo, muulize mpishi. Wali wa nazi, bada (ugali wa muhogo) na samaki wa kuchoma havina shida. Ila usiache ngano kabla ya kupimwa: kingamwili zinazopimwa kwenye damu zitashuka, kipimo kikuambie huna kitu.