Kutua: kitenzi cha wanamaji kilichozaa utulivu

Wanafunzi wangu wa elimu ya kamusi, wakitafuta neno la kale la wanamaji lenye maana ya kutulia, aghalabu hukimbilia shwari. Hilo ni jina la hali ya bahari, nalo huja bila ya nahodha kuliita: wakati wa tangambili, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika, jahazi huweza kusimama katikati ya maji huku tanga likiwa bado juu, limenywea. Mimi ningewapeleka kwenye kitenzi kutua, kwa sababu ndani yake mna kazi ya mikono.

Kutua tanga ni kinyume cha kulitweka, yaani kulipandisha. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu na mzito unaoning'inia mlingotini kwa kamba ya henza, kwa hiyo anayetua tanga huiteremsha foromali yenyewe, taratibu, isije ikaporomoka. Ndiyo maana simtengi baharia huyu na mchukuzi anayetua mzigo kutoka kichwani, maana wote wawili wanaushusha uzito ili mwili upumzike. Jua nalo hutua, msafiri hutua kituoni, na washairi wakauita kituo mshororo unaofunga ubeti. (Hatua haimo katika ukoo huu, ingawa inafanana kwa sauti, asili yake ni Kiarabu.)

Linalowapita wengi ni kwamba tulia ni mtoto wa tua. Kiswahili kilidondosha sauti ya l mwishoni mwa vitenzi vingi, lakini l hiyo hurejea tunapotia kiambishi cha kutendea: chukua huwa chukulia, vaa huwa valia, kaa huwa kalia, na tua huwa tulia. Anayemwambia mwenziwe "tulia", kwa asili ya neno, anamtaka aweke chini alichokibeba, na hilo ni zaidi ya kumtaka asitikisike.

Tuama ni ndugu yake, lakini ina kiambishi -am- kile kile cha inama na fungama, kinachoonyesha mkao ulioshika. Maji ya dimbwi huitwa yaliyotuama kwa kuwa yamekosa pa kwenda, na mbu huzaliana humo. Hata hivyo maji ya kisima yenye tope huachwa mtungini yatuame, tope likae chini na juu yabaki maangavu, na ni kwa maana hii ya pili ninapokubali mtu aandike kwamba moyo wake umetuama.