Kanuni ya kuruhusu haiokoi ujumbe uliokatazwa

Kila mara mtu akilalamika kwamba logi (kumbukumbu za ujumbe wa programu) zimejaa kelele, kuna atakayemshauri: "Kataza zile za kelele, halafu ongeza kanuni ya kuruhusu makosa ili usiyapoteze." Ushauri huu unasambaa sana, na unapoteza logi za watu.

Kuchuja logi ni kuamua ujumbe upi wa programu uhifadhiwe na upi utupwe. Kanuni ya kukataza inataja usiotakiwa, ya kuruhusu inataja unaotakiwa. Hapo hakuna mgogoro. Mgogoro unaanza zinapokaa pamoja.

Chukua systemd, programu inayoendesha huduma kwenye Linux, ambayo tangu toleo la 253 la mwaka 2023 ina LogFilterPatterns, mpangilio wa kuchuja logi za huduma. Kwenye faili la huduma mtu anaandika:

LogFilterPatterns=~healthz
LogFilterPatterns=ERROR

Alama ya ~ ndiyo katazo; healthz ni anwani ya kukagua kama huduma iko hai. Sasa unakuja ujumbe "ERROR GET /healthz 500", yaani ukaguzi umeshindwa (500 ni jibu la kosa, 200 ni la mafanikio). Unatupwa. Makatazo hupimwa kwanza, na ujumbe ukinaswa hapo ruhusa haiulizwi kabisa.

Kibaya zaidi ni ujumbe "Malipo yamepokelewa". Nao unatupwa, ingawa hakuna aliyeukataza! Pasipo kanuni yoyote ya kuruhusu, kila kilichovuka makatazo kinaandikwa. Ukiandika moja tu, mlango unageuka: ni kama harusi ya kadi, ambapo asiye na kadi anarudishwa hata kama hana ugomvi na mtu. Kwa hiyo mstari ule wa ERROR, ulioongezwa kwa nia ya kulinda, ndio uliofuta kila kitu kisicho na neno ERROR. Na kilichotupwa hivyo hutakiona tena kwenye journalctl, amri ya kusoma logi za systemd, tofauti na amri ya grep -v, ambayo huficha tu mistari kwenye skrini.

Nadhani mazoea ya rsyslog, programu nyingine ya kukusanya logi, yanachangia. Kule kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo unaweza kuandika makosa kwenye faili kwanza, kisha ukaweka stop, amri ya kuutupa ujumbe, chini yake. Kwenye LogFilterPatterns, kupanga mistari hakubadilishi hukumu.

Kama shida yako ni kelele tu, ondoa mstari wa kuruhusu na ulibane katazo lenyewe. Badala ya ~healthz andika ~healthz.*200: majibu ya 200 yatanyamaza, ya 500 yataendelea kuandikwa.