Kwa nini ndege za zamani zilijaa ribiti, na ribiti hizo zinafanya nini kwenye baiskeli?

Baiskeli ya kruza, yaani ya matembezi yenye tairi nene, iliyopambwa kwa mtindo wa ndege za zamani haikosi mambo matatu: tangi lisilo na mafuta, bati la alumini lililong'arishwa, na safu za ribiti, yaani pini fupi za metali zinazofunga mabati kwa kugongwa hadi zitanuke. Mtindo huu si wa jana. Kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa Aerocycle mwaka 1934, yenye tairi nene za inchi 2.125 na tangi lenye umbo la kiwiliwili cha ndege. Kwa mwendo wa baiskeli umbo hilo halisaidii kitu cha maana, maana sehemu kubwa ya upepo humpiga mwendeshaji mwenyewe. Ni urembo tu, na hakuna ubaya. Ribiti ndizo zenye kisa.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba enzi hizo watu walikuwa hawajajua vizuri kuchomelea. Sivyo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mtengenezaji wa ndege Fokker tayari alikuwa anaunda viwiliwili vya ndege kwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Ndege ya abiria ya DC-3 iliporuka mara ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1935, uchomeleaji ulikuwa kazi ya kawaida viwandani, na bado ndege hiyo ilifungwa kwa ribiti toka puani hadi mkiani. Wengine husema ribiti ni nyepesi. Hilo ndilo limekaa kinyume kabisa: ili upige ribiti lazima mabati mawili yapandane, kisha uongeze vichwa vya ribiti, na vyote hivyo ni uzito. Tena kila ribiti inadai tundu, na ufa hupenda kuanzia kwenye tundu. Kwa nini basi wahandisi waliokuwa wakibania kila gramu walikubali hasara zote hizo?

Sababu imo ndani ya bati lenyewe. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alikuwa akijaribu alumini iliyochanganywa na shaba kidogo, takriban asilimia 4, pamoja na magnesi. Aliipasha moto, akaipoza ghafla, akaiacha. Baada ya siku chache akakuta imekuwa ngumu zaidi, ilhali hakuna aliyeigusa. Ndiyo duralumini.

Ili kuona kilichotokea, fikiria zulia zito lililotandikwa sakafuni. Kulivuta lote kwa mkupuo ni shida. Lakini ukilifanyia mkunjo upande mmoja, ukausukuma mpaka ukingo wa pili, zulia zima litakuwa limesogea kwa nguvu kidogo. Metali laini hupinda kwa njia hiyo: safu za atomi haziteleziani zote kwa pamoja, bali mkunjo mmoja mdogo husafiri kati yake. Sasa pigilia misumari midogo kila mahali kwenye zulia. Mkunjo ukianza safari, unakwama kwenye msumari wa kwanza. Katika duralumini, misumari ni vikundi vidogo mno vya atomi za shaba vinavyojikusanya polepole bati likiwa limetulia. Nadharia ya chembe hizo ilitolewa mwaka 1919, lakini vikundi vyenyewe vilibainishwa kwa eksirei na wanasayansi Guinier na Preston, kila mmoja kivyake, mwaka 1938. Yaani DC-3 ilikuwa ikibeba abiria kabla mtu hajaiona misumari iliyoishikilia.

Leta sasa moto wa kuchomelea. Jirani na mshono, joto linaing'oa misumari au kuikusanya mafungu machache makubwa, na zulia linateleza upya. Mshono wenyewe, ukiwa unaganda, hupenda kupasuka. Ribiti haihitaji joto hilo, kwa hiyo bati linabaki na nguvu zake zote.

Isieleweke kwamba alumini yote iko hivyo. Fremu nyingi za alumini za baiskeli ni za aloi (mchanganyiko wa metali) yenye namba 6061, inayokubali kuchomelewa. Nayo hulegea penye mshono, ila fremu nzima inaingia kwenye tanuri na kuimarishwa upya. Bawa la ndege utalipeleka tanuri gani? Na tangu mwaka 1991 kuna njia ya kuunganisha kwa msuguano, bila kuyeyusha metali, ambayo imeziondolea baadhi ya ndege sehemu ya ribiti zake.

Kwa hiyo kwenye baiskeli ribiti ni pambo, lakini pambo lenye kanuni. Katika ndege, safu ya ribiti hupita penye mbavu au mihimili ya urefu chini ya bati, au pale mabati mawili yanapopandana. Ukizitazama kwa nje unaisoma mifupa ya ndani. Fundi anayejua hujichorea mifupa ya tangi lake kwanza, hata kama haipo, ndipo apange ribiti. Katikati ya ribiti huwa mbali na ukingo wa bati angalau mara mbili ya kipenyo chake, na ribiti mbili hutenganishwa kwa angalau vipenyo vitatu. Zikisongamana kuliko hapo, mtu wa ndege atacheka. Tangi lenyewe hushikizwa kwa vibanio. Kutoboa mabomba ya fremu ili kupata muonekano ni kuukaribisha ule ufa nilioutaja.

Kichwa cha ribiti nacho husema. Zile zenye tundu katikati, zinazovutwa kwa koleo, hujitangaza kutoka mbali. Za ndege kwa kawaida hazina uwazi ndani: mmoja anagonga kwa nje, mwenzake anakinga kwa kipande kizito cha chuma ndani. Ribiti ya aloi ya 2117 ina kishimo kimoja kichwani. Ya 2024 ina vistari viwili vilivyoinuka, na hiyo huwekwa kwenye jokofu hadi wakati wa kupigwa, kwa sababu ikiachwa nje misumari yake inaanza kujikusanya na ribiti inakuwa ngumu mno kugongeka. Za alumini tupu, zinazotosha kabisa kwa tangi la baiskeli, hazina alama yoyote.