Bahasha ndani ya bahasha: mtandao wako wa wingu unavyopangwa

Ukikodi seva kwenye wingu, dakika chache tu unapewa kompyuta, anwani yake na mtandao wako mwenyewe. Hakuna fundi aliyepanda ngazi kuvuta waya. Mtandao huo umetoka wapi?

Wingu, kwanza, ni jina linalopotosha: ni majengo yenye seva, viyoyozi na jenereta. Amazon walianza kukodisha seva za namna hii mwaka 2006. Programu huigawa seva moja kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake, nawe unalipia ulichotumia. Hilo wengi wameshalisikia. Kinachosahaulika ni nyaya.

Ndani ya jengo hilo wateja wawili wasiojuana wanaweza kuwa na anwani ileile, tuseme 10.0.0.5, kwa kuwa anwani zinazoanza na 10 ni za matumizi ya ndani na yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Paketi zao, yaani vipande vya data vinavyosafirishwa, hupita kwenye swichi zilezile, vifaa vinavyounganisha seva na kuelekeza paketi. Mbona hazichanganyiki?

Chukua mfano wa kifurushi cha basi la Mwanza. Ofisi yako Dar es Salaam ina barua iliyoandikwa "Mhasibu" tu. Unaitia ndani ya bahasha kubwa yenye jina la tawi lenu. Kondakta anasoma bahasha ya nje. Mhasibu ni nani, hayamhusu. Ofisi ya jirani nayo ikituma barua kwa "Mhasibu" wake kwa basi hilohilo, kila moja itafika kwake. Mtandao wa juu, yaani mtandao wa programu unaowekwa juu ya nyaya na swichi halisi, ndivyo unavyofanya kazi. Seva inayotuma huifunga paketi ya mteja ndani ya paketi nyingine yenye anwani za seva halisi, hubandika namba ya mtandao wa mteja, na seva inayopokea huifungua. Swichi za katikati ni makondakta.

Namba hiyo ina historia. Utaratibu wa zamani wa kutenganisha mitandao, VLAN, una nafasi ya biti 12 kwa namba hiyo, yaani mitandao 4,094 tu. Kwa shirika moja inatosha na kubaki; kwa mtoa huduma wa wingu ni kichekesho. VXLAN, utaratibu wa bahasha tuliouona, uliochapishwa kama waraka wa viwango vya intaneti RFC 7348 mwaka 2014, ina biti 24: mitandao zaidi ya milioni 16.

Msichanganye kufunga na kuficha. VXLAN yenyewe haifumbi data. Anayeweza kuinasa paketi njiani anaweza kuisoma. Usimbaji, yaani kuigeuza data isisomeke na mwingine, unaongezwa kando, kwa mfano kwa utaratibu uitwao IPsec.

Na mtandao wa chini, wa nyaya na swichi halisi, haufutiki kwa kuwekewa mwingine juu yake. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania na Kenya ilizorota, na aliyekuwa na seva zake ng'ambo hakuokolewa na mpangilio wowote wa juu.

Bahasha pia ina uzito: VXLAN juu ya IPv4 huongeza baiti 50. Njia ikibeba baiti 1,500, paketi ya ndani isizidi 1,450. Dalili za kosa hili huchosha mafundi: pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama mashine inafikika) inajibu, kurasa nyepesi zinafunguka, lakini faili kubwa linagoma katikati. Kabla ya kumpigia mtoa huduma, angalia MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, ya mashine zako pepe.